Uhuru Angani

Msomaji, ukisimama Njukini usiku usio na mawingu, Mlima Kilimanjaro ukiwa gizani upande wa magharibi, utaona nyota tele. Lakini miali ya eksirei itokayo kwenye baadhi ya nyota hizo hutaiona kamwe, kwa maana hewa ya dunia huizuia isitufikie. Ilibidi wataalamu wapeleke chombo juu ya hewa.

Chombo hicho, mali ya Wamarekani, kilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliani liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku ile Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Ndiyo sababu chombo kikaitwa Uhuru.

Uhuru kilipoielekea Centaurus X-3, kilikuta miali yake ikipiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Ajabu ni kwamba kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi, miali hiyo ilitoweka kwa karibu nusu siku, kisha ikarudi. Sababu yake nini? Nyota zilikuwa mbili, zikizungukana. Iliyo ndogo huvuta gesi ya ile kubwa. Gesi hiyo ikianguka hupata joto kali mno na kutoa eksirei. Nyota ndogo ipitapo nyuma ya mwenziwe, hupatwa, kama jua lipatwavyo na mwezi.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Basi usidhani, kijana, kwamba elimu ya nyota ni ya ugenini: mlango wake mmoja ulifunguliwa pwani yetu.