Makabati ya jikoni yanapokwama: Haki za mteja Kericho na Bomet

MALIPO ya bonasi ya majani chai yanapoingia katika akaunti za wakulima mwezi wa Oktoba, shughuli za ujenzi huchangamka katika kaunti za Kericho na Bomet. Kuanzia Kapsoit hadi Litein, na kutoka Silibwet hadi Mogogosiek, nyumba zilizokwama kwenye lenta tangu mwaka uliotangulia huezekwa, sakafu hutandazwa vigae, na wenye nyumba huanza kuulizia makabati ya jikoni ya kujengewa ukutani.

Mafundi nao wanaijua kalenda hiyo vyema. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Kapkoros, Tirgaga, Litein au Momul, hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwisho wa mwezi. Fedha hizo huishia kwa wachumaji, dukani na katika karo za watoto. Bonasi ndiyo fungu la kufanyia mambo makubwa, nayo huja baada ya hesabu za mwaka unaokamilika mwezi wa Juni kufungwa. Aidha, kwa miaka mingi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakipokea bonasi ya chini kuliko wenzao wa mashariki. Kwa hivyo mkulima wa Bomet aliyemkabidhi fundi arbuni, yaani fedha za kufungia mkataba, kisha asionyeshwe hata ubao mmoja, hana fungu jingine la kukimbilia hadi Oktoba ifuatayo.

Ikumbukwe kwamba jiko la aina hii ni jambo geni kiasi katika maboma mengi. Zamani jiko la Mkipsigis lilikuwa jengo la pekee kando ya nyumba, lenye mafiga, kuni na vibuyu vya mursik. Hata leo wapo wengi walio na majiko mawili: lile la ndani lenye makabati yanayong'aa, na lile la nje ambako ugali husongwa na chai huchemshwa kwa ajili ya watu wengi. Ugeni huo ndio unaomfanya mteja awe mnyonge mbele ya muuzaji. Anayenunua ng'ombe wa maziwa anajua la kuuliza, lakini anayeagiza makabati kwa mara ya kwanza huamini picha anazoonyeshwa kwenye simu.

Malalamiko ya wateja aghalabu hayahusu ubovu wa mbao pekee. Yanahusu zaidi kimya. Fundi huja siku ya kwanza akiwa na futi kamba, maneno matamu na kitabu cha rangi. Arbuni ikishalipwa, simu huanza kuita bila kujibiwa. Ikijibiwa, mteja huambiwa kwamba bodi zimechelewa Nairobi, mara mashine ya kukatia imeharibika, mara fundi amefiwa. Wiki mbili hugeuka miezi mitatu. Wakati huo sinki limewekwa sakafuni, vyombo vimo katika makatoni, na fundi wa mabomba aliyekuja kuunganisha maji amerudi kwao akidai nauli.

Sababu ya kuchelewa huko mara nyingi ni ya kihesabu. Karakana nyingi hazina mtaji wa kununua vifaa kabla ya kulipwa. Fedha za mteja wa leo hutumika kumalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita, na kazi ya leo husubiri mteja wa kesho. Utaratibu huo huenda vizuri msimu wa bonasi, watu wanapoagiza kwa wingi. Ufikapo Januari, shule zinapofunguliwa na maagizo kukauka, mnyororo hukatika na wa mwisho kulipa ndiye anayebaki na kuta tupu. Si kila fundi anayechelewa ni mwizi, lakini mteja hana wajibu wa kuwa benki ya karakana.

Kwa upande wao, mafundi wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Wapo wateja wanaobadilisha rangi bodi zikiwa zimekwisha kukatwa. Wapo wanaoita fundi kupima kabla ukuta haujapigwa lipu wala vigae kubandikwa, kisha hulaumu makabati yanapokosa kuingia. Lipu na vigae hula sentimita kadhaa kila upande, na kabati lililokatwa kwa kipimo cha ukuta mtupu haliwezi kusukumwa kwa nguvu. Vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya lipu kukauka, na ijulikane ni nani aliyevichukua. Fundi akipima mwenyewe, kosa la kipimo ni lake.

Hali ya hewa

Kericho iko katika mwinuko wa takriban mita 2,000 na hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Unyevu huo unaostawisha chai ndio adui wa makabati. Bodi za vumbi la mbao zilizogandishwa kwa gundi, zile ziitwazo chipubodi na MDF, hunywa maji kupitia kingo zisizofunikwa. Zikishanywa hufura, bawaba hulegea na mlango haufungi tena. Chini ya sinki ndiko huanza kuharibika. Plaiwudi ya marini, ambayo gundi yake hustahimili maji, hudumu zaidi lakini bei yake ni ya juu.

Hapa ndipo ulaghai mwingine hujificha. Zikishapakwa rangi au kufunikwa kwa karatasi ngumu ya plastiki, bodi hizi zote hufanana. Mteja aliyelipia marini huweza kuwekewa chipubodi asijue hadi mvua za masika zipite. Njia rahisi ya kuzitambua ni kutazama ukingo kabla haujafungwa kwa utepe: plaiwudi huonyesha matabaka ya mbao yaliyolaliana, ilhali chipubodi huonyesha chembechembe kama za unga wa msumeno. Basi mteja na aombe kuziona bodi karakanani kabla hazijafunikwa, hata ikiwa ni lazima apande matatu hadi Kericho mjini au Kaplong.

Bei kwa futi

Mafundi wengi hutoza makabati kwa futi moja ya urefu wa ukuta. Tuseme bei ni Sh15,000 kwa futi na ukuta una futi 20. Mteja hupiga hesabu na kupata Sh300,000. Baadaye huambiwa kwamba bei hiyo ilikuwa ya makabati ya chini pekee, kwamba ya juu huhesabiwa kando, na kwamba jiwe la graniti la juu ya kaunta, sinki, vishikio, usafiri na kodi ya VAT ya asilimia 16 havikuwemo. Jumla hukaribia mara mbili ya ile ya awali, na kufikia hapo arbuni imeshatolewa.

Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina jibu kwa jambo hili. Mkataba ukiwa na makadirio ya bei, muuzaji haruhusiwi kumtoza mteja zaidi ya makadirio hayo kwa kiwango kinachozidi asilimia 10. Katika mfano wetu, kikomo ni Sh330,000. Akitoza zaidi, mteja anaweza kumtaka afanye kazi kwa bei iliyokadiriwa. Ikiwa mteja mwenyewe ameongeza kazi, hilo ni jambo jingine, na nyongeza hiyo nayo iandikwe. Sheria hiyo pia inasema kwamba maneno ya mkataba yenye utata yafasiriwe kwa manufaa ya mteja. Neno "makabati" likiachwa hivi hivi bila kutajwa ya juu au ya chini, aliyeliandika ndiye mwenye mzigo wa kulieleza.

Kuna kinga nyingine isiyofahamika sana. Msimu wa bonasi, mawakala huzunguka nyumba kwa nyumba wakitia watu sahihi. Mkataba uliofanywa nyumbani kwa mteja, mbali na mahali pa biashara pa muuzaji, unaweza kufutwa na mteja bila kutoa sababu hadi siku 10 baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Wala muuzaji hawezi kumfanya mteja atie sahihi kwamba ameziacha haki hizo, kwani sheria haikubali haki hizo kuuzwa.

Msingi wa haya yote ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kabla ya hapo, tegemeo kubwa lilikuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ingali inatumika. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mnunuzi akimweleza muuzaji shughuli anayokusudia kufanyia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti iifae shughuli hiyo. Kabati la jikoni lisilostahimili mvuke wa sufuria haliwezi kusemwa kwamba lafaa jikoni.

Hatua za kuchukua

Mteja aliyekwisha kukwama aanze na barua. Simu za hasira hazina ushahidi. Barua fupi, au hata ujumbe wa simu, ieleze tarehe ya makubaliano, kiasi kilicholipwa, kazi iliyobaki na siku ya mwisho ya kuikamilisha, mathalan siku 14. Iseme wazi kwamba siku hizo zikipita mteja atadai fedha zake. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ichapishwe, picha za jiko zipigwe zikiwa na tarehe, na jumbe za fundi zisifutwe hata zikiudhi. Ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti cha aliyeutoa, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka.

Wengi hukimbilia kituo cha polisi na kurudi wamekata tamaa baada ya kuambiwa kwamba hayo ni madai ya kawaida. Mara nyingi polisi huwa hawajakosea. Kuvunja mkataba si jinai. Inakuwa jinai pale mtu alipopata fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano kwa kuonyesha karakana isiyo yake. Kosa hilo limo katika kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka mitatu.

Chifu na wazee wa mtaa nao husaidia kupatanisha, hasa fundi akiwa mwenyeji. Katiba katika kifungu cha 159 inatambua njia hizo za kusuluhisha mizozo. Katika vijiji ambako kila mtu anamjua babake fundi, kikao cha wazee huweza kufanya kwa alasiri moja kazi ambayo wakili angeichukulia miezi. Udhaifu wake ni kwamba chifu hana uwezo wa kumlazimisha mtu kulipa, na fundi wa kutoka Nairobi au Nakuru hatakuja barazani.

Panapohitajika nguvu ya sheria, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria iliyoiunda ilipitishwa mwaka 2016, ila milango yake ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikaenezwa katika miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka Sh200,000. Kwa jiko la kawaida la mkulima kiasi hicho kinatosha na kubaki. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinakubalika, kanuni ngumu za ushahidi zimelegezwa, na sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Madai ya mkataba yana muda wa miaka sita kabla ya kupitwa na wakati, ingawa anayesubiri miaka sita atamkuta fundi amehama.

Hukumu nayo si fedha mkononi. Aliyeshindwa akikataa kulipa, mshindi hana budi kurudi mahakamani kuomba amri ya kukamata mali, na karakana yenye msumeno mmoja wa kukodi haina mengi ya kukamatwa. Ndiyo maana ulinzi ulio bora zaidi umo katika jinsi malipo yanavyogawanywa. Asiyetoa nusu au zaidi kwa mkupuo huwa na sauti. Sehemu ya kwanza yaweza kulipwa bodi zikiwa zimenunuliwa na kuonekana, ya pili makabati yakiwa yamefika nyumbani, ya tatu yakishafungwa ukutani. Fundi asiye na mtaji akilalamika, mteja anaweza kwenda naye dukani na kulipia bodi mwenyewe, risiti ikiandikwa jina lake.

Fungu la mwisho, tuseme asilimia 10, na libaki mkononi mwa mteja kwa muda uliokubaliwa kwenye mkataba. Kwa nyumba za Kericho na Bomet, muda huo ungefaa uvuke mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa maana mlango uliofungika vizuri Desemba huenda ukakataa kabisa Aprili.