Ndege Imeanguka, Ndege Ameanguka: Nyayo za Marubani wa 1916 Kuzunguka Uluguru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kilele cha Lupanga kiko wazi. Popote uliposimama Morogoro mjini unaweza kuihesabu mikunjo ya mlima, na msitu wa juu unaonekana mweusi kama uliopakwa masizi. Ikifika saa nne, kipande cha wingu kimeshakaa begani. Saa saba kilele hakionekani tena. Watu wa mji kasoro bahari wameuzoea mwenendo huo. Wanautazama pale tu wanapotaka kuanika nguo. Mimi niliutazama siku tatu mfululizo, Mei, masika yakiisha na upepo wa kusi ukianza kushika, kwa sababu mpwa wangu anayesomea urubani alinipigia simu akaniuliza: "Mjomba, nisome nini?"

Vitabu vya mtihani anavyo. Alichotaka ni vile vinavyomfundisha mtu kuruka, na kujijua anaporuka. Mimi ni mwalimu wa historia, sijawahi kushika usukani wa ndege. Lakini sisi Waluguru ukoo wetu unapita kwa mama, na mjomba akiulizwa hawezi kujibu kwamba hajui, akaishia hapo. Nikaanza na ninachokiweza, yaani kufuata nyayo.

Tarehe 26 Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa wameshauacha mji na kuelekea kusini. Pamoja na askari wa miguu na wa farasi kilikuja kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1915 kikiwa na Waafrika Kusini wengi. Kilishuka Mombasa mwanzoni mwa 1916, kikaanzia kazi katika nyika za chini ya Kilimanjaro na kuteremka na vita hadi huku kwetu. Ndani yake alikuwamo kijana wa Yorkshire, Leo Walmsley. Hakuwa rubani. Alikuwa mwangalizi, mtu wa kiti cha mbele ambaye kazi yake ni kutazama chini na kuandika anachokiona. Alianguka na ndege mara nyingi akapona, akapewa nishani, na mwaka 1920 akachapisha kitabu chake, Flying and Sport in East Africa. Baadaye alipata jina kwa riwaya za wavuvi wa kwao, na kitabu hiki kikabaki kwa wachache. Ndicho cha kwanza nilichomtajia mpwa wangu.

Sikukitaja kwa kukipenda chote. Kichwa chake chenyewe kinaweka vita na uwindaji sahani moja, na hapo tu unajua kimeandikwa kwa macho ya nani. Ndege zile zilikunywa petroli, na petroli ilikuja katika makopo ya bati ya galoni 4, lita 18 hivi: ndilo debe letu hili, ambalo mpaka leo mama wa sokoni anapimia mahindi. Barabara ilipokwisha, debe lilipanda kichwani pa mtu. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa homa, kuhara na njaa. Jina la kikosi chao katika jeshi la Waingereza ndilo lililobaki Dar es Salaam likiitwa Kariakoo. Nilimwambia mpwa wangu akisome kitabu hicho akiwa na debe akilini, ajue kwamba hakuna rubani aliyewahi kuruka peke yake.

Siku ya pili nilipanda hadi Morningside, kwenye nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani juu ya mji. Chini kidogo ya nyumba mkulima mmoja alikuwa akichoma majani makavu kwenye kona ya shamba lake. Nilikaa nikautazama moshi. Ulipanda wima kama urefu wa mgomba, ukasita, kisha ukakunjika kuelekea mjini na kuanza kuteremka, ukiufuata mteremko kama maji. Moshi unaoteremka! Nilisahau hata chai niliyobeba.

Huo moshi ndio somo lote la kuruka karibu na milima. Upepo wa kusi unatoka baharini ukiwa na unyevu, unaupiga Uluguru upande wa mashariki, unapanda, unapoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana upande wa Matombo unapata mvua nyingi kuliko huku. Ukishavuka kilele, upepo uleule unamwagika upande wa pili. Mji wa Morogoro uko upande huo wa kumwagikiwa. Sasa fikiria ndege ya kikosi kile, BE2c, ya mbao na kitambaa, injini yake nguvu za farasi 90. Uwezo wake wa kupanda ulikwisha mita 3,000 hivi, na kufika huko kulichukua dakika 45 katika hewa ya Ulaya. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, kinapita mita 2,600. Hewa ya moto ni nyepesi, mbawa hazipati cha kushika na injini inahema. Rubani anayetoka Morogoro kwenda kusini mashariki mwezi Agosti anaukabili upepo uso kwa uso, akiwa polepole, na kadiri anavyousogelea mlima ndivyo hewa inavyomsukuma chini.

Hapo ndipo jicho linapomsaliti. Mlima ukijaa mbele yako, upeo wa kweli wa macho hauuoni tena. Mteremko unaopanda unakuwa ndio upeo. Mkono, bila kumwuliza mwenyewe, unavuta usukani ili pua ya ndege ilingane na mteremko. Pua inapanda, mwendo unapungua, na mtu anaamini bado yuko sawasawa. Kitabu cha pili nilichomtajia kinalishughulikia jambo hilohilo: Stick and Rudder cha Wolfgang Langewiesche, cha mwaka 1944, ambacho marubani bado wanakinunua. Anachosisitiza mwandishi huyo ni kwamba bawa halijali pua inatazama wapi. Linajali pembe linayokutana nayo na hewa. Pembe ikizidi kiasi, bawa linaacha kubeba, hata kama injini inanguruma. Na tiba yake ni kusukuma usukani mbele, jambo ambalo mwili wa mtu anayeiona ardhi ikimjia hautaki kulifanya. Ndiyo maana wanaofundisha kuruka milimani wanasema safu ya milima usiiendee moja kwa moja. Iendee kwa kukata mshazari, ili ukiona mambo yanaharibika ugeuze kwa kona ndogo, bado ukiwa na nafasi.

Niliposhuka Morningside nilikuwa nalifikiria neno lenyewe, ndege. Lugha yetu iliupa mtambo jina la kiumbe, kisha ikavitenga kwa kiambishi. Yule wa mtini tunasema ndege ametua. Ya kiwanjani tunasema ndege imetua. Basi ajali ikitokea redio inatangaza "ndege imeanguka," na katika ile "i" watu waliokuwa mbele, wenye uchovu, wenye hofu, wenye heshima iliyozidi kwa wakubwa wao, wanapotea. Elimu nzima ya hulka ya binadamu katika urubani ni kazi ya kuirudisha "a" mahali pake. Nani alijua nini? Alimwambia nani? Alilala saa ngapi?

Watu wa 1916 hawakuwa na elimu hiyo, ingawa walikuwa na kila sababu ya kuihitaji. Vita ile iliwaangusha watu kwa maradhi kuliko kwa risasi, na dawa ya malaria ilikuwa kwinini, ambayo ikizidi inavumisha masikio na kumpa mtu kizunguzungu. Leo mwanafunzi anafundishwa kujihoji kabla ya kuigusa ndege: Naumwa? Nimemeza dawa gani? Nina mawazo? Nimekunywa pombe? Nimelala? Nimekula? Ni maswali ya mama mzazi, na yametokana na maisha ya watu wengi.

Siku ya tatu nilichukua bodaboda kuifuata barabara ya Bigwa–Kisaki, njia ya mashariki ya majeshi ya Smuts: Matombo, Mvuha, Duthumi, hadi Kisaki. Huku ndiko waangalizi walikopata taabu. Kutoka juu, pori la tambarare ni zulia, na askari aliyetulia chini ya mti haonekani. Anayetumwa kutafuta adui akarudi bila kumwona ana ripoti mbili za kuchagua: "hawapo," au "sikuwaona." Tofauti ya maneno hayo ni ndogo karatasini, na jeshi zima linaweza kuingia katikati yake.

Tulipopita Mvuha tulikuta kijito kimepanda juu ya daraja la chini. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba majani mabichi. Nilitaka tupite, Kisaki haikuwa mbali na jua lilikuwa linakwenda. Kijana akazima pikipiki. "Mzee wangu, tushuke kwanza. Haya maji yana udongo wa juu. Bado hayajamaliza kuja." Akavunja kijiti, akakichomeka pale pale maji yalipogusa ukingo, akakaa kivulini. Nami nikakaa, nikatoa daftari.

Kilichonipeleka Kisaki ni mapigano ya Septemba 1916. Jenerali Brits, wa majeshi ya Smuts, alizishusha brigedi zake mbili upande wa magharibi wa milima, zikapita njia tofauti. Tarehe 7 aliishambulia Kisaki akiwa na moja, akapigwa akarudi nyuma. Brigedi ya pili, ya Nussey, ilitokea milimani siku iliyofuata bila habari ya yaliyotokea jana yake. Ikapigana peke yake, nayo ikarudishwa. Wenzao walikuwa karibu kiasi cha kuusikia mlio wa bunduki, lakini mawasiliano yalikatika, na pori na mabonde havikuwapa njia ya kwenda kuwasaidia. Habari ilikuwepo. Haikumfikia aliyeihitaji.

Ukiisoma Kisaki hivyo, huna budi kuikumbuka Douala. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, Boeing 737-800 iliyokuwa na watu 114, ilipaa Douala, Kameruni, baada ya kucheleweshwa na mvua za radi. Nje kulikuwa na giza tupu. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 inaeleza kwamba kapteni aliamini otopailoti imeshika kazi, kumbe haikuwa imewashwa. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa akiiongoza ndege, nayo ikawa inalalia kulia taratibu, kiasi ambacho sikio la ndani la binadamu haliwezi kukihisi. Tahadhari ilipolia, kapteni alikuwa ameshapoteza hisia ya juu na chini, na mikono yake ikaizidisha ile kona. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita zisizofika 6 kutoka kiwanjani. Hakupona mtu. Ripoti inataja pia jinsi wawili wale walivyoshindwa kufanya kazi kama timu. Vitu vya kuwaonyesha ukweli vilikuwa mbele ya macho yao wote wawili. Kilichokosekana ni mmoja kuutamka kwa mwenzake mapema.

Hili ndilo nililotaka mpwa wangu alisome kuliko yote, na ndilo linaloniuma. Sisi tumelelewa kumwachia mkubwa neno la mwisho. Ni adabu njema sebuleni. Kwenye chumba cha marubani, kijana anayeona kosa na kulimeza kwa heshima anamnyima kapteni jicho la pili aliloletwa pale kuwa. Inafaa tulifundishe jambo hilo kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo kijana atayatoa bila kuhisi amemvunjia mtu heshima. "Kapteni, tunalalia kulia." Maneno matatu, na hakuna tusi ndani yake.

Nikamwongezea kitabu cha tatu, cha mwanamke aliyekulia Njoro: West with the Night cha Beryl Markham, cha mwaka 1942. Wengi wanakisoma kwa ajili ya safari yake ya kuivuka Atlantiki mwaka 1936 akitokea mashariki kwenda magharibi, iliyoishia kwenye kinamasi huko Nova Scotia. Mimi nilimwambia atafute habari za Denys Finch Hatton, aliyefariki ndege yake ilipoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Markham alikuwa amealikwa kwenda naye. Mwalimu wake wa kuruka, Tom Campbell Black, alimwomba asiende, naye akamsikiliza.

Nilipoinua macho kutoka kwenye daftari, nilimwuliza kijana kama tunaweza kuondoka. Alikwenda kukitazama kijiti chake. Maji yalikuwa yamekiacha upana wa vidole viwili. "Bado," akasema, akarudi kukaa. Nilimtumia mpwa wangu majina ya vile vitabu vitatu pamoja na picha ya kile kijiti, bila maelezo.

Saa nane na dakika kumi kijiti kilikuwa kimebaki kwenye mchanga mkavu, shubiri nzima kutoka majini. Kijana akavua viatu, akavuka kwa miguu hadi ng'ambo, akarudi akipapasa chini kwa nyayo, kisha akawasha pikipiki.