Nani Atangulie Mlangoni pa Hospitali?

Ndugu wasikilizaji wa Kinsevere, nanyi jamaa mliokimbia makwenu: mkimpeleka mgonjwa Lubumbashi, kisha aliyefika nyuma yenu akaingizwa mbele, msiseme upesi, "Ni kabila." Neno hilo tuliliona mwaka 1992 na 1993, lilipowarundika watu kwenye stesheni ya treni ya Likasi.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita Larrey, munganga wa jeshi la Napoleon, alitibu kwanza aliyeumia zaidi, bila kutazama cheo. Lakini desturi hiyo isipoelezwa huzaa hasira. Uingereza, hospitali za Southampton na London zilibandika mabango ya kueleza zamu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba ukali na vitisho vilipungua nusu. Mabango, si polisi!

Wakubwa wa vijiji, yaombeni, kwa Kiswahili chetu.