Mamuwalde na Uhura: Majina ya Kiafrika katika Historia ya Tuzo za Saturn

Historia ya tuzo za sanaa ni historia ya heshima: nani anaalikwa mezani, na nani anaachwa uani. Tangu Hollywood ilipoanza kugawa tuzo za Oscar mwezi Mei 1929, filamu za kutisha, za maajabu na za safari za angani zilikaa uani kwa muda mrefu. Zilijaza majumba ya sinema na kulipa madeni ya wenye viwanda vya filamu, lakini siku ya sherehe hazikutajwa ila kwa nadra. Fredric March alitunzwa kunako mwaka 1932 kwa kuigiza nafsi mbili za Dr. Jekyll na Mr. Hyde, na hata hapo ilimbidi kugawana ushindi na mwigizaji mwingine, Wallace Beery. Filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ambayo wataalamu wengi sasa huihesabu miongoni mwa kazi kubwa za karne ya ishirini, ilipata mwaka 1969 Oscar moja tu, ile ya ufundi wa picha za ajabu. Ilisifiwa mikono, wala si fikira.

Dharau hiyo si ngeni kwa wasomi wa fasihi simulizi. Hadithi za zimwi na za majini nazo ziliwekwa kwa muda mrefu katika kapu la watoto na wazee, hali ndani yake jamii ilikuwa ikizungumza juu ya njaa, dhuluma, ndoa na mauti. Kinachotisha hudhaniwa kuwa hakina akili.

Mtu aliyeamua kuigeuza hali hiyo ni Donald A. Reed, mkazi wa Los Angeles na mpenzi mkubwa wa filamu za kutisha. Mwaka 1962 alikuwa ameanzisha chama cha wapenda Dracula, Count Dracula Society. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, aliunda Academy of Science Fiction, Fantasy and Horror Films. Neno Academy halikuchaguliwa ovyo, kwa kuwa Reed alitaka jina lenye uzito uleule wa wale waliokuwa wakiwafungia mlango. Vitabu vya aina hii vilikuwa na tuzo zake tangu mwaka 1953, yaani Hugo. Filamu hazikuwa na chama chake. Hapo mwanzo tuzo ziliitwa Golden Scroll, kisha zikapata jina la Saturn, na sanamu yake ikawa sayari Zohali iliyozungukwa na pete ya ukanda wa filamu. Jambo moja linastahili kukumbukwa: uanachama haukufungiwa mabingwa wa kazi hiyo peke yao. Mtazamaji wa kawaida aliyelipa ada aliweza kuingia na kupiga kura.

Kura za kwanza zilihusu filamu za mwaka 1972. Katika hadithi za kisayansi ilishinda Slaughterhouse-Five, iliyotokana na riwaya ya Kurt Vonnegut. Katika filamu za kutisha ilishinda Blacula, iliyoongozwa na William Crain, Mmarekani mweusi. Uchaguzi huo wa pili ndio unaopasa kumshughulisha msomaji wa Afrika, na ni ajabu kwamba wanaoandika juu ya tuzo hizi huupita haraka.

Blacula ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na jina lake linasikika kama mzaha. Lakini kisa chake kinaanza mwaka 1780. Mwana wa mfalme kutoka Afrika, Mamuwalde, amesafiri pamoja na mkewe Luva hadi kwenye ngome ya Count Dracula ili kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwenyeji anamcheka, anamng'ata, anamfungia ndani ya jeneza, na kabla ya kumfungia anamtupia jina jipya lililotengenezwa kutokana na jina lake mwenyewe. Msomi wa majina hahitaji kuelezwa zaidi. Mfanyabiashara wa watumwa naye alianza kwa kumvua mtu jina la ukoo na kumvika la kwake, kama mfugaji anavyotia alama. Laana ya Mamuwalde ni ya meno, na ni ya jina pia. Inasimuliwa kwamba sehemu hiyo ya asili ya kifalme iliingizwa kwa msimamo wa mwigizaji mkuu, William Marshall, bingwa wa michezo ya Shakespeare, ambaye hakukubali kuigiza kinyago cha kuchekesha. Hivyo tuzo ya kwanza kabisa ya filamu ya kutisha katika chama cha Reed ilikwenda kwa hadithi ya Mwafrika aliyeibiwa jina.

Sherehe yenyewe haikupata utulivu upesi. Mwaka 1978 ilionyeshwa katika televisheni, ikiongozwa na Karen Black na William Shatner. Huo ulikuwa mwaka wa Star Wars: chama kiliitunza kwa wingi, na tuzo ya uongozaji ikagawanywa kati ya George Lucas na Steven Spielberg. Miezi michache baadaye, kwenye Oscar, filamu hiyohiyo ilipata tuzo 6 za mashindano, zote za ufundi na muziki, huku ile ya filamu bora ikienda kwa Annie Hall. Reed angeweza kusema kwamba hoja yake imethibitika. Kwa bahati mbaya, kinachokumbukwa zaidi katika usiku ule ni Shatner, sigara mkononi, akitamka badala ya kuimba wimbo Rocket Man wa Elton John na Bernie Taupin, huku taswira zake zikiongezeka kwenye kioo. Watu wameucheka ukanda huo kwa miaka zaidi ya arobaini. Wanaotaka heshima kwa nguvu huweza kujikwaa hivyo.

Shatner aliletwa kwa sababu ya Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza tarehe 8 Septemba 1966. Humo, nyuma ya kiti chake, alikaa mwanamke mweusi mwenye cheo, afisa wa mawasiliano aliyeitwa Uhura na kuigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, na kwamba kutoka kwenye neno hilo lilipatikana jina la mhusika, baada ya kulainishwa mwishoni. Mwanaisimu atatabasamu hapa. Shina -huru lilitoka Kiarabu, likapokewa na kiambishi u- cha majina ya dhana. Lakini ile -a ya mwisho si ya Kibantu wala ya Kiarabu cha asili ya neno hili. Ni desturi ya Kizungu ya kudhani kwamba jina la mwanamke sharti liishie na a. Kiswahili hakimtambui mwanamke kwa irabu. Hata hivyo lugha haikuishia kwenye jina: katika kipindi kile cha kwanza, kiumbe mwenye kujigeuza anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1966, Elisabethville iliacha jina la malkia wa Ubelgiji na kuitwa Lubumbashi. Matukio hayo hayahusiani, lakini ni ya zama moja.

Nichols alisimulia pia kwamba alitaka kuiacha kazi hiyo, na Martin Luther King ndiye aliyemwomba abaki. Chama cha Saturn kilimpa tuzo ya maisha ya kazi mwezi Juni 2016, nusu karne baada ya kipindi cha kwanza. Alifariki mwezi Julai 2022.

Reed mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2001. Tangu hapo aina za tuzo zimeongezeka mno, televisheni imepewa sehemu kubwa, na filamu za mapigano tu zimeingia, hata mtu huweza kuuliza mpaka uko wapi. Makampuni makubwa ndiyo yanayobeba zawadi nyingi, na filamu ya senti kidogo kama Blacula haipiti kwa urahisi.

Mwezi Juni 2018 Black Panther ilipata tuzo 5, miongoni mwake ile ya uongozaji kwa Ryan Coogler na ile ya mwigizaji msaidizi kwa Danai Gurira, mzaliwa wa Marekani aliyelelewa Zimbabwe. Nchi ya kubuni ya Wakanda huwekwa upande wa Afrika Mashariki, ambako msikilizaji angetarajia Kiswahili. Wahusika husemezana Kixhosa. Sababu yake si ya ramani: katika filamu iliyotangulia, ya mwaka 2016, mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, akiigiza mfalme anayezungumza na mwanawe, aliomba aseme lugha ya kwao.