La kupachika na la kujitegemea

Kwa bibi jirani yangu hapa Lisekese, mafiga matatu yamekaa pembe ileile ya jikoni tangu nyumba ilipojengwa, na ukuta wa nyuma yake umeshika masizi hadi unang'aa. Mwanawe amemtumia hela ya kununua jiko banifu la kuni. Fundi alipofika akauliza, "Bibi, nikujengee hapohapo au nikuletee la bati?" Bibi akanigeukia: "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi. Lipi ni lipi?"

Nilijibu kwa maneno mengi mno, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta machache. Watu wa nchi za baridi wana istilahi mbili kwa jambo hili. Nyumba zao nyingi za zamani zina shimo la moto ukutani, na juu yake dohani ya kutolea moshi. Moto ukiwaka wazi humo, sehemu kubwa ya joto hupanda na moshi. Wakatengeneza sanduku la chuma lenye mlango, wakalisukuma ndani ya shimo lilelile, likatumia ukuta na dohani zilizokuwepo. Aina ya pili husimama sakafuni kwa miguu yake, ina bomba lake la moshi, na hutoa joto pande zote. Kinachozitofautisha ni hiki: la kwanza lina mwenyeji wa kulipokea, la pili halina.

Kwa la kwanza napendekeza "jiko la kupachika". Mkulima wa mikorosho haambiwi maana ya kupachika: kila msimu wa palizi anapachika mpini kwenye jembe, na anajua kwamba kinachopachikwa lazima kilingane na tundu lake. "Jiko la kujengea" halitoshi, kwa sababu jiko lote la matofali na udongo nalo ni la kujengea, hata kama halina kitu kilichotengenezwa kwingine kikaletwa.

La pili lilinisumbua zaidi. "La kubeba" linafaa kwa jiko la bati, lakini jiko la chuma cha kusubu halibebwi na mtu mmoja. "La kusimama peke yake" ni maelezo, si jina. Jibu nililipata kwa madalali wa nyumba. Wakisema nyumba inajitegemea, mpangaji anaelewa kwamba ina uzio wake na haigawani uwanja na mtu. Basi "jiko la kujitegemea": ukuta wake linao lenyewe.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuonja tofauti hii. Wingi wa asili wa jiko ni meko, kama jino na meno. Lakini leo ukienda dukani unaulizia bei ya majiko. Kwa sikio langu, meko bado ni mahali, pale moto unapokaa, na majiko ni vyombo vinavyouzwa na kuhamishwa. Ndiyo maana naona raha kusema jiko hupachikwa mekoni. Na "banifu" lisiachwe: limetoka kwenye kubana, na jiko la namna hii hubana kweli, moto kwanza, kisha matumizi ya kuni.

Mfano ulio karibu nasi kabisa uko Kenya. Kuanzia miaka ya 1980 kulienezwa huko jiko lililoitwa Maendeleo, baadaye Upesi. Ni chungu cha udongo uliochomwa, chenye mdomo mmoja wa kuingizia kuni na vinundu juu vya kushika sufuria. Mama hukiweka jikoni, akakizungushia udongo mbichi na mawe, kikawa sehemu ya nyumba. Hilo ni la kupachika. Chungu hichohicho kikivalishwa bati huitwa Kuni Mbili, nacho hukaa popote unapokiweka. Moto ni mmoja, maisha mawili tofauti, na hakuna mfano unaonifundishia istilahi hizi vizuri kuliko huo.

Kwa bibi, uamuzi ulitoka kwenye mwiko. Nilimtazama akisonga ugali wa watu saba: amechuchumaa, mikono yote miwili kwenye mwiko, sufuria inavutwa huku na huku. Jiko la bati likitumika kwa kazi hiyo, mjukuu ataitwa alishike kwa vitambaa, na mguu wa mtoto utakuwa karibu na makaa. La kupachika halitikisiki. Kisha kuna mbaazi kavu, ambazo huku kwetu ni chakula cha kila wiki na huchukua saa nyingi. Udongo mzito hula joto mwanzoni kabla ya sufuria kupata moto, kwa hiyo kwa chai ya haraka ni hasara, lakini kwa mbaazi unarudishiwa ulichokopesha.

Kwa mwanawe, ambaye kila msimu wa korosho huhamia kibandani shambani, ningesema kinyume: la kujitegemea, alibebe. Na ningemsihi asichochee moto wa kupikia kwa maganda ya korosho. Mafuta yake yanababua ngozi, na moshi wake si wa kuvutwa chumbani.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Natamani sana bibi awe miongoni mwao. Lakini leo bado anapikia kuni za mikorosho iliyopogolewa, na jiko lake jipya halina dohani, kwa hiyo tumetoboa dirisha juu ya ukuta ule mweusi.

Fundi alileta udongo wa kichuguu, akapima kimo kwa sufuria ya ugali, si ya mboga. Figa moja ameliacha nje, mlangoni. Bibi amelikalia, anangoja udongo ukauke.