Alama za Kunukuu katika Matini ya Kompyuta: Suala la Kasulu na Kibondo

Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, wilayani Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, mapokeo mawili ya uandishi yalikutana. Mwalimu kutoka Kongo au Burundi, aliyesomeshwa kwa desturi ya Kifaransa, hunukuu kwa alama « ». Mtumishi wa Tanzania, aliyerithi desturi ya Kiingereza, hutumia “ ”. Kwenye karatasi tofauti hiyo haidhuru. Kwenye kompyuta inadhuru.

Chanzo chake ni taipureta. Ili kupunguza vibonye, mafundi waliweka alama moja iliyonyooka, ya kufungulia na kufungia usemi. Msimbo wa Kimarekani wa mwaka 1963, uitwao ASCII, ukairithi. Katika nafasi zake 128 alama za Kifaransa hazikupata mahali, wala zile zilizopinda. Msimbo wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987 ulizikaribisha za Kifaransa, ukaziacha nje (jambo la ajabu) zile zilizopinda. Unicode ya mwaka 1991 ilizipokea zote. Hata hivyo, faili iliyoandikwa kwa msimbo mmoja na kusomwa kwa mwingine huonyesha â€œ badala ya alama ya kufungulia.

Tuchukue maelezo ya mwombaji hifadhi. Alama zikipotea, msomaji hawezi kujua maneno ya mwombaji yanaishia wapi na ya karani yanaanzia wapi. Naye mwombaji ataulizwa juu ya maneno ambayo hakuyasema.

Je, tutumie alama moja-moja? Hapo Kiswahili kina kizuizi chake chenyewe, nacho ni ritifaa ya ng'. Tukiandika 'Nilitoka ng'ambo ya Malagarasi', programu inayotafuta mwisho wa nukuu itaukuta baada ya ng, na ambo ya Malagarasi itabaki nje. Zaidi ya hayo, programu nyingi za uandishi huipinda ritifaa zenyewe, hata ikawa sawa kabisa na alama ya kufungia. Anayetafuta ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka huenda asiione ng’ambo iliyopinda, ingawa ipo mbele ya macho yake.

Kwa maoni yetu, matini isiyopambwa inukuu kwa alama pacha zilizonyooka, "hivi", na ile moja iliyonyooka iachiwe ritifaa peke yake. Nukuu ndani ya nukuu igeuzwe kuwa usemi wa taarifa. Vitabu vya kuchapwa vina wahariri wake, na alama « » humo hazina ubaya wowote.