Ba Moja, Sauti Tatu

Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa, akafariki karibu 1840. Mengi yalikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya. Leo karatasi za Taylor ziko SOAS, chuo kikuu cha London.

Baadhi ya miswada ya Kiswahili ya chuo hicho iko mtandaoni, bure. Juzi nikafungua ukurasa mmoja kwa simu, nikakwama mstari wa kwanza. Madrasa nilisoma, herufi za Kiarabu nazijua. Lakini katika hati hizi za zamani, ba moja yaweza kuwa b, p au mb. Utajuaje? Lazima neno uwe nalo tayari.

Nikampelekea bibi. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kama barua ya jamaa.

"Hili lakushinda, mjukuu wangu?"

Likanishinda kweli. Wanaotaka karatasi zirudi nyumbani wana haki. Hofu yangu ni kwamba zitarudi, wasomaji wameshaondoka. Basi kila Jumapili niko kwa bibi na daftari: yeye asoma, mimi naandika.